Koki ya Lanyero

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, Lanyero huibana pikipiki kwa mapaja, akaitikisa kwa kiuno na kutega sikio. Mafuta yakijibu chubwi, chubwi, huyo anaondoka. Kijiweni pale Kitgum karibu waendesha bodaboda wote hupima hivyohivyo, isipokuwa Komakech, ambaye pikipiki yake ina geji ya mafuta.

"Dada, ile ngoma yako ya kila asubuhi ya nani?" Komakech alimtania Alhamisi ile. "Mwenzio natazama mshale tu."

"Mshale ukilala utauamsha? Kiuno changu hakijanidanganya hata siku moja."

Basi ajabu ni kwamba siku hiyo hakutikisa. Sista Ayaa, muuguzi, alikuwa keshapanda nyuma, amepakata kisanduku cha chanjo, barafu inayeyuka. Wiki mbili nyuma walichelewa, na akina mama wa ng'ambo ya kilima wakarudi shambani na watoto kumi na wanane bila sindano.

"Wakiondoka na leo, hawatakuja tena," Sista alisema. Akasema tena njiani. Na tena.

Katikati ya kilima injini ikakohoa. Lanyero hakujali. Mafuta yakikata, unashusha mkono, unageuza koki chini ya tangi, unakwenda na mafuta ya akiba. Akashusha mkono.

Koki ilikuwa imeshageuzwa, akiba imeshaliwa.

Otim! Mdogo wake aliazima pikipiki jana. Sheria ya kijiwe hata mtoto anaijua: ukimaliza mafuta ya mtu usipoyarudisha, sawa, lakini koki irudishe!

"Mbona tumesimama?"

"Shuka, Sista. Kumbatia kisanduku."

Akailaza pikipiki ubavu wa kushoto kama mbuzi wa kuchinjwa, ili matone ya upande wa pili wa tangi yavukie kwenye koki. Alitaka kuhesabu hadi ishirini. Kufika kumi na mbili, akaiinua. Ikawaka.

"Panda, panda!"

Kileleni akazima, wakateleza mteremko mzima kimya, Sista anaomba Mungu. Chini akawasha tena, ikaenda kidogo, ikafa. Zahanati ile pale! Na akina mama wale, wanafunga watoto mgongoni.

Lanyero akabonyeza honi, hakuiachia. Mama mmoja akageuka. Kisha wote. Sista alikuwa keshashuka, anakimbia na kisanduku.

Mtoto wa mwisho alipomaliza kulia, Sista akatoka nje. "Sasa unasemaje kuhusu geji?"

"Pikipiki zote zije nayo, nimekubali," Lanyero akasema, akimimina petroli ya chupa aliyonunua kando ya barabara. "Na Otim afungwe moja kichwani."

Akarudisha koki juu. Akaigusa tena. Kisha akatikisa kiuno, mara mbili.