Kiazi Hakina Chumvi

Juzi, kwenye benchi la kliniki moja hapa Njombe, mama mmoja alimfunulia hotipoti mwanawe anayetibiwa uraibu wa unga. Harufu ya viazi vya Makete ilinirudisha jikoni kwa bibi, tulikogombania vilivyochomwa majivuni hadi tukaungua vidole.

Kijana alitafuna kama anatafuna karatasi.

“Anakula tu, utamu hausikii,” mama alimwambia muuguzi.

“Unga uliuzoesha ubongo raha kubwa mno, mama, hadi hizi ndogo hauzioni. Hata breki za kujizuia zililegea. Vyote vitarudi polepole.”

Ghafla kijana akakunja uso. “Mama, hujatia chumvi.”

“Rudia,” mama alisema, machozi yakimlenga. “Rudia tena, baba.”

Sijawahi kuona mpishi mwingine akiomba alaumiwe mara mbili.