Mbuzi wa Kipaimara

Haya jamani, sogeeni, na wewe mwenye kigoda kaa vizuri usije ukaanguka ukanisingizia. Mie shule niliipita kwa nje nikienda sokoni, lakini uongo sisemi. Naongezaga chumvi tu.

Mwaka ule nilianza Kwaresima bila nyama, bila maziwa, bila yai. Pasaka ikaja ikapita, hamu hainirudii. Mume wangu akawa ananicheka: "Mama, Yesu kashafufuka, kula nyama."

Namwambia, "Kafufuka yeye. Ng'ombe wako bado yuko kwenye supu."

Sasa binti yetu akawa anapata kipaimara, mume akaleta mbuzi wa shughuli hapa hapa Chamazi. Wiki tatu alizokaa kwetu, yule mbuzi ananifuata mpaka chooni, ananisubiri mlangoni kama mlinzi wa benki. Nikipiga magoti kusali, na yeye anakunja miguu. Mtabisha, ila nilimwona.

Siku ya shughuli ilipofika nikajua siwezi. Kumtoa achinjwe, moyo umegoma. Kulisha wageni pilau kavu, ni aibu ya kuhama mtaa.

Kwetu Wakristo tukiwa na sherehe, anachinja jirani Mwislamu ili mtaa mzima ule. Basi asubuhi kaja mzee wa nyumba ya pili, kisu kinang'aa mpaka nikakiona kilemba changu humo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yuko wapi mwenyewe?"

Mwenyewe kajificha nyuma ya gauni langu. Nikasema, "Mzee, huyu hachinjwi. Mungu kule bustanini aliwapa wale wa kwanza matunda na mbegu. Kisu hakuwapa."

Mzee akanitazama weee. "Dini yenu imebadilika lini?"

"Leo asubuhi."

Mume akashika kichwa. "Ndugu zangu watoke Boko kote kule, waje kula majani?"

"Watakula na watalamba vidole," nikamjibu. Nikamgeukia mzee, nikamkabidhi boga. "Kisu chako bado nina kazi nacho." Akacheka, akavuta kigoda, akalikatakata.

Nikasali, nikaingia jikoni. Pilau la viungo, kunde za tui, biringanya za kukaanga, boga la nazi. Harufu ilifika hospitali ya Mwananyamala, wagonjwa wakaanza kuomba ruhusa.

Wageni wakaja. Shemeji yangu, kaka yake mume, akawa anafukua pilau kama kadondosha pete.

"Shemeji, minofu iko wapi?"

"Ile pale, inatembea."

Akanuna, akaonja. Nikamhesabia sahani nne, ya tano alijificha. Masufuria yalikwanguliwa mpaka yakawa mepesi. Wamama wa jumuiya wananizunguka, "Dada, hii kunde umeifanyaje?" Na mume wangu, yule aliyeshika kichwa, anapita kwa wageni kifua mbele: "Mie na mke wangu tuliamua zamani sana." Siku ile nilitembea miguu haigusi chini, namshukuru Mungu wangu kimoyomoyo.

Mzee wa kisu alikuwa kapakua mara ya pili, kaiweka sahani pembeni, kageuka kumsimulia shemeji habari za mpira. Mbuzi akaja taratibu, akaingiza mdomo, akaifagia sahani yote mpaka ikang'aa. Mzee akageuka, akaangalia sahani, akamwangalia mbuzi.

"Mbuzi wote niliowala," akasema, "leo wamemtuma mwenzao aje alipize kisasi kwenye pilau langu."