Kipkemoi na Mama Yake

Kipkemoi wa Merigi alikuwa mtu mkubwa, wa kuinama mlangoni, lakini sauti yake ilikuwa ndogo hata karani wa kituo cha majani chai alizoea kumwambia arudie jina. Ng'ombe wa jirani akikataa kukamuliwa, yeye ndiye aliyeitwa. Wengi hawakujua kwamba alijiogopa.

Ilianza shuleni. Mvulana mmoja alimchokoza hadi kitu kikampanda kutoka tumboni, macho yakaingia giza. Alipopata fahamu, walimu walikuwa wamemshika na mkono wa yule mvulana umevunjika. Hakukumbuka lolote. Tangu hapo hakuonja pombe wala kuhudhuria mikutano. Hata mkewe, Caren, akilalamika juu ya chumvi tu, Kipkemoi alitoka nje kwanza.

Binti yao Chepngeno alipenda katuni za Kijapani kwenye simu. Siku moja alimwonyesha baba yake kijana mpole aliyefungiwa jitu ndani ya mwili wake.

"Baba, huyu ni kama wewe. Hataki kupigana, lakini akikasirika anaokoa kijiji chote."

Kipkemoi alitazama kidogo. "Na wale anaowaumiza?"

"Hao ni wabaya tu, baba."

Alimrudishia simu, akaenda kuwakatia ng'ombe majani ya nepia.

Mwaka jana Benard, baba yake mdogo, aligombana na jirani yao Kipngeno juu ya mikaratusi iliyopandwa mpakani.

"Kesho tunaikata," Benard alimwambia Kipkemoi. "Wewe utasimama tu. Wakikuona watanyamaza."

"Baba mdogo, mimi sitaki. Unanijua."

"Ndiyo maana nakuita."

Akakataa. Basi Benard akamwendea Cherotich, mama yake Kipkemoi, mjane aliyelimiwa shamba na huyo Benard tangu mumewe afariki. Mama akaja mwenyewe.

"Simama nao tu, kijana wangu. Mimi nitakuwa hapo. Nikiona mambo yanaharibika, nitakushika mkono turudi."

Kwa ajili ya mama, akakubali.

Asubuhi, pale mpakani, Kipngeno alitukana, mtu akarusha udongo, panga likainuliwa. Cherotich aliona mwanawe ameanza kupumua vibaya. Akafanya alivyoahidi: akamshika mkono kutoka nyuma.

"Twende nyumbani."

Kipkemoi hakumsikia. Aliutupa mkono mara moja tu.

Giza lilipomtoka machoni, mama yake alikuwa amelala kando ya kisiki. Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari walijaribu, lakini hakusimama tena.

Kipkemoi alikwenda polisi kwa miguu. "Nifungeni. Nimemuumiza mama yangu."

Askari alikwenda hospitalini kumuuliza mgonjwa. Aliporudi alisema, "Mama anasema aliteleza kwa matope. Hapa hakuna kesi. Rudi umtunze."

"Anadanganya!"

"Nenda nyumbani, mzee."

Akaenda kitandani kwa mama yake. "Mama, waambie ukweli."

"Nikiwaambia watakupeleka wapi? Na si ni mimi nilikuleta pale?"

Kipkemoi akainamisha kichwa.

Mikaratusi ilikatwa. Benard husema sokoni, kwa furaha, kwamba siku hizi hakuna anayethubutu kugusa mpaka wao. Kipkemoi alihamia ghala la mahindi, analala huko peke yake. Chepngeno akimpelekea chakula, humwambia aweke mlangoni. Kumwogesha mama na kumgeuza ni kazi ya Caren.

Juzi Caren alikuwa shambani akichuma chai. Kipkemoi akasikia kishindo nyumbani kwa mama, akakimbia, akamkuta sakafuni.

"Niinue," mama alisema. "Simenti ni baridi."

Alisimama mlangoni, mikono ameificha kwapani, machozi yakimtiririka.

"Kipkemoi. Niinue tu, si kitu."

"Siwezi, mama. Ngoja nimwite Caren."

Akatimka kushuka kuelekea shambani, akiita kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kuisikia kwake. Mama akabaki pale chini, shavu likiwa sakafuni, akimngoja.