Shamba la Bi Mwaisha

Kasiani alirudi Matombo mwaka 1946 na koti la Keya, jeshi la Waingereza, na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Waliotaka habari za vita vya Burma hawakupata nyingi. Alisema mvua ya kule inashinda ya Uluguru, basi. Akaoa, akalima ndizi na mpunga. Lakini kila msimu, kabla hajagusa shamba lake, alivuka mto kwenda kumlimia Bi Mwaisha, mjane aliyeishi peke yake.

Mwaka 1953 Dominiko, mtoto wa dada yake, alimjia asubuhi akiwa ameshaamua jambo lake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na kijana hakutaka kuondoka bila ruhusa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Keya wanaandikisha watu mjini. Nataka kwenda."

Kasiani hakuuliza sababu. Yeye mwenyewe katika umri ule alitaka viatu, na watu wamwone amevivaa.

"Chukua jembe," alisema. "Twende kwanza kwa Bi Mwaisha."

Walilima mpaka jua likawa kali. Bi Mwaisha akawaletea mihogo ya kuchemsha, akaketi nao.

"Huyu ndiye mpwa wako?"

"Ndiye, mama. Anataka kwenda jeshini."

Bi Mwaisha alimgeukia Dominiko. "Unakwenda na nani?"

"Na rafiki yangu Agustino, bibi. Alikuwa anasita, nikamshawishi."

"Mama yake anajua?"

Dominiko alivuta jembe lake, akaanza kulifuta udongo. Bi Mwaisha akamsogezea sahani ya mihogo, akainuka taratibu, akaingia ndani.

Njiani kurudi Kasiani alishikwa na kikohozi, akaketi juu ya jiwe. Kilipotulia, alibaki pale pale.

"Yule mama alikuwa na mwana mmoja, Stambuli. Jeshi halikuwa kichwani mwake hata kidogo. Mimi niliogopa kwenda peke yangu, nikamsumbua, nikamwambia tutarudi na mabati tumwezekee mama yake. Hakupigwa risasi. Aliumwa tumbo, siku chache tu, mvua inatunyeshea, nami sina cha kumpa. Niliporudi nilimweleza mama yake yote. Nilitaka anitukane. Akaniuliza kama nimekula."

"Kwa hiyo unanikataza, mjomba?"

"Sikukatazi. Nimechoka kukataza watu. Ukienda, nenda na roho yako mwenyewe. Ya mtu mwingine usiibebe. Ikipotea huna pa kuirudisha. Mimi naweza kulima mlima huu wote, na yule mama bado anapika chakula cha mtu mmoja."

Jioni ile Dominiko alikwenda kwa Agustino, akamwomba abaki. Agustino alidhani amedharauliwa. Wakagombana mbele ya mama yake, Bernadeta, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari za safari hiyo. Bernadeta alikaa chini mlangoni, kanga mdomoni, na Agustino alipomwona hivyo akaketi kando yake. Hakwenda. Lakini hakumsemesha Dominiko tena, hata siku ya kuagana.

Dominiko aliteremka mjini peke yake. Kasiani alimsindikiza mpaka mtoni, akampa mkono, akarudi.

Wakampeleka Kenya, vitani. Aliporudi miaka mitatu baadaye sikio moja lilikuwa halisikii, na mtu akigonga mlango kwa nguvu alisimama wima. Agustino alikuwa na mke na watoto wawili, na migomba iliyoanza kuzaa. Dominiko alipopita kwake, Agustino alimkaribisha kiti. Waliongea kidogo juu ya mvua.

"Ulikuwa sawa," Agustino alisema mwishowe.

"Sijui," Dominiko alijibu. "Kule kila siku nilitamani ungekuwa nami. Nilikuwa sina mtu wa kwetu wa kuongea naye."

Agustino alimwita mkewe alete uji. Walikunywa, na hakuna aliyeharakisha kumaliza.