Mama Paa na Tamthilia ya Bibi

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache. Wateja walimwita Mama Paa. Wapo waliodhani ni kwa sababu ya miguu yake mirefu kama ya yule mnyama, na yeye aliwaacha waamini hivyo, maana nani anakataa sifa? Ukweli ni kwamba mchana kutwa alishinda juu ya mapaa ya maghorofa ya watu, akifunga madishi ya televisheni, akinyoosha yaliyopindishwa na upepo, akibembeleza ndege wahamishe viota vyao.

Kazi hii aliianza kwa hasira. Zamani alikuwa muuzaji katika duka la ving'amuzi, anakaa nyuma ya kaunta na kuwaambia wateja, "Fundi atakuja kesho." Kesho ikawa keshokutwa, na lawama zote zikamwangukia yeye. Siku moja mteja alimfokea mbele za watu mpaka Mama Paa akavua viatu vyake vya kisigino, akabeba dishi begani, akaenda kulifunga mwenyewe. Lilikaa upande kama kofia ya mlevi, lakini picha ilitokea. Alipoona watoto wa nyumba ile wanarukaruka juu ya kochi kwa furaha, kaunta ikamtoka moyoni. Mumewe, fundi cherehani asiyeweza kusimama hata juu ya stuli bila kushika ukuta, alimshonea mkanda wa mifuko mingi wa kubebea spana, akamwambia, "Wewe panda, mke wangu. Mimi nitakuombea nikiwa chini."

Basi akapanda. Na maghorofa yakamfundisha adabu. Alikuta milango ya paani yenye kufuli ambazo mwenye ufunguo kasafiri na hapatikani kwenye simu. Alikuta watu wameanika mablanketi mabichi mbele ya dishi, halafu wanamuuliza yeye picha imekwenda wapi. Alikuta mabomba ya kupitishia nyaya yamejaa zege tangu siku jengo lilipojengwa. Na palipokuwa na madishi mengi kama uyoga, akigusa la jirani kwa bahati mbaya tu, jioni anaitwa kwenye kikao.

Jengo alilolipenda kuliko yote lilikuwa moja kuukuu, lenye ngazi zilizopakwa rangi ya kijani. Hapo alikuwa amewashawishi wapangaji, kwa maneno mengi na chai nyingi, waachane na utitiri wa madishi na kufunga moja kubwa la pamoja, nyaya zikashuka kutoka paani hadi kila nyumba. Ghorofa ya pili aliishi bibi mmoja mwenye magoti mabovu, ambaye ujana wake wote alikuwa opereta wa simu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amevaa vidude vya masikioni akiwaunganisha watu, na hakuna aina ya mapenzi, ugomvi au uongo ambao hakuwahi kuusikia. Sasa alikuwa na kiti, mto wa kuegemea, na tamthilia yake ya kila jioni.

Siku moja simu ilipolia, sauti ilikuwa ya bibi huyo.

"Mwanangu, daktari wangu amekatika."

"Shikamoo, Bibi. Daktari gani tena?"

"Marahaba. Yule wa masharubu, wa kwenye tamthilia! Alikuwa anakaribia kumwambia muuguzi kwamba anampenda. Akafungua mdomo, uso ukagawanyika vipandevipande, kisha kiza. Njoo upesi."

Mama Paa akaenda. Kwanza alidhani maji yameingia kwenye waya, akabadilisha maungio. Hola. Akabadilisha kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi. Hola vilevile. Akasimama, akashika kiuno, akatazama upande ambao dishi lilikuwa linatazama. Hapo ndipo alipoelewa. Ng'ambo ya uchochoro, pale palipokuwa na uwanja mtupu, jengo jipya lilikuwa limeota na kuchanua, limepita urefu wa hili la kijani, limekaa katikati ya dishi na anga kama mtu mnene aliyekaa kiti cha mbele ukumbini.

Alihamisha dishi kona ya kulia, picha ikaja kwa kusitasita. Alipoteremka kumpongeza Bibi, ilikuwa imekwenda zake. Akalihamisha kona ya kushoto. Akalifunga kwenye bomba refu kando ya tangi la maji, upepo ukalitikisa mpaka wapangaji wakalalamika kwamba waigizaji wanacheza ngoma. Kila jioni alirudi nyumbani na mabega yamekufa ganzi, na mumewe alimkanda kwa mafuta ya moto bila kuuliza, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa usoni.

Dawa ilikuwa moja tu: dishi likakae juu ya jengo jipya, na waya uvuke uchochoro. Mama Paa akamwendea msimamizi wa jengo hilo. Alikuwa mwanamume nadhifu kupita kiasi, anayetembea na kitambaa mfukoni kwa ajili ya kufuta alama za vidole kutani.

"Dada yangu," alisema kabla hata hajamaliza kusikiliza, "ukuta huu hautobolewi."

"Sitoboi, kaka. Nitaweka fremu ya chuma paani, niikandamize kwa matofali ya zege. Hata msumari hautagusa."

"Na matofali yakikwaruza sakafu?"

"Nitayatandikia mpira chini."

"Na waya?"

"Utafungwa kwenye reli ya paani, uvuke ukiwa umeshikiliwa na kamba ya chuma. Hautagusa rangi yako."

Msimamizi akafikiri, akafuta doa ambalo Mama Paa hakuliona. "Hapana," akasema. "Nikimruhusu mmoja, kesho mtaa mzima utakuja na kamba."

Alirudi tena, akakataliwa tena, safari hii kwa upole zaidi, jambo lililomuudhi kuliko mara ya kwanza.

Wakati huo, kwenye jengo la kijani, jioni zilikuwa hazina kazi. Watu walizunguka vyumbani wakibonyeza rimoti kana kwamba zitawaonea huruma. Mshonaji wa viatu wa ghorofa ya juu akateremka kwa Bibi kuuliza kama kwake kuna chochote. Hakukuwa na chochote.

"Lakini ungetaka kujua daktari alisema nini?" Bibi akamuuliza.

"Utajuaje, Bibi, na picha imekatika?"

"Nimesikiliza watu maisha yangu yote. Mwanamume akifungua mdomo namna ile, yapo mawili tu. Kaa."

Mshonaji akakaa. Bibi akamsimulia. Daktari alikuwa amefungua mdomo, kumbe si kwa mapenzi, alitaka kukiri kwamba si daktari hata kidogo! Ni mpishi wa hospitali aliyevaa koti jeupe siku moja kwa makosa, wagonjwa wakamzoea. Mshonaji alicheka mpaka akajikumbatia. Kesho yake akaja na mkewe. Keshokutwa walikuja majirani, na mikeka, na watoto waliooga tayari. Bibi akazibadilisha sauti: mama wa muuguzi, ambaye Bibi alishamwita mama mkwe, akawa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta, muuguzi akawa na kigugumizi kila akimwona mpishi wake. Siku aliyomtumbukiza mama mkwe kwenye bwawa la kuogelea, wigi likaelea na yeye mwenyewe asionekane, kicheko kilipasuka mpaka ng'ambo ya uchochoro.

Mama Paa alikuwa amekaa mlangoni na mkanda wake wa spana, amekuja kuomba radhi kwa mara nyingine. Akajikuta anafuta machozi ya kucheka.

Alipomwendea msimamizi mara ya tatu, msimamizi ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Hebu niambie, kuna nini kule kwenu kila jioni? Mimi nakaa upande wa huku, nasikia watu wanaangua vicheko, na mmesema televisheni haipo."

"Njoo uone mwenyewe."

Akaja, na kitambaa chake mfukoni. Wakamsogezea kigoda. Jioni ile muuguzi alikuwa amegundua ukweli, na badala ya kumfukuza mpishi, alimwomba amfundishe kupika supu. Msimamizi alicheka kwa adabu mwanzoni, mkono mdomoni. Kisha adabu ikamshinda. Bibi alipokatiza hadithi pale mama mkwe anapochungulia dirishani akiwa amelowa chapachapa, msimamizi alisimama kabisa.

"Sasa kinachofuata ni nini?"

"Kesho," akasema Bibi, akajifunika shuka miguuni.

Kwenye ngazi, msimamizi alimshika Mama Paa kiwiko. "Hii tamthilia lazima niione kwa macho yangu. Lete hayo matofali. Lakini mpira chini!"

"Mpira chini, kaka."

Siku ya kazi jua lilikuwa limetulia na upepo haukuwa na fujo. Mama Paa alipandisha fremu, akapanga matofali juu ya mipira, akaivusha kamba ya chuma hadi kwenye jengo la kijani, ambako mshonaji aliipokea kwa shangwe kama anayevuta samaki mkubwa. Msimamizi alimfuata kila hatua akipangusa. Wakati Mama Paa anageuza dishi taratibu, jicho likiwa kwenye kipimo cha mawimbi, mshale ulitikisika, ukapanda, ukaganda juu. Kelele zikalipuka chini, kutoka kila dirisha. Mama Paa alisimama katikati ya anga lile jeupe, akainua spana kama kombe, na chini kabisa, kwenye uchochoro, akamwona mumewe amekuja kutazama, ameinua kichwa, ameshika ukuta kwa mikono miwili, na anacheka.

Jioni nyumba ya Bibi ilijaa mpaka kwenye korido. Msimamizi alipewa nafasi ya mbele. Televisheni ikawashwa, muziki ukalia.

Daktari alikuwa anaongea na simu. Akaongea, akaongea. Kisha wakamwonyesha mama mkwe. Alikuwa amesimama dirishani, mkavu, na wigi lake kichwani, anatazama bustani. Muziki ukalia tena. Akaendelea kutazama bustani.

"Mbona hajalowa?" akauliza mtoto mmoja.

"Na daktari ni daktari kweli?" mshonaji akashangaa.

Msimamizi aligeuka polepole, uso umemshuka. "Mama Paa, una hakika hii ndiyo chaneli yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, kaka. Na picha haina hata doa."

Wakavumilia kidogo. Muuguzi alipita kwenye korido. Mama mkwe aliondoka dirishani, watu wakajiweka sawa, kumbe amekwenda kwenye dirisha jingine. Hapo msimamizi hakuweza tena. Alinyoosha mkono, akachukua rimoti, akaizima sauti.

"Bibi," alisema, "nakuomba. Tuambie wewe."

Chumba kizima kikaitikia. Bibi alijifanya anakataa, akasema yeye ni mzee, na watu wameteseka kuipata hiyo picha, na mwanawe Mama Paa atajisikiaje baada ya kubeba matofali yote yale? Wote wakamgeukia fundi.

Mama Paa alitazama ile picha, safi kama kioo kilichopanguswa, midomo inachezacheza bila sauti. Majuma ya mabega kufa ganzi, chai za kubembeleza, safari za kwenda na kurudi, na yote yameishia kuzimwa sauti! Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoka chote, mpaka mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni akaanza kucheka pia bila kujua sababu.

Simu ikatetemeka kwenye mkanda wake. Mteja wa mtaa mwingine alikuwa analia kwamba kwake kumebaki sauti tu, picha hakuna.

"Una bahati," Mama Paa alimwambia. "Nakuja kesho asubuhi. Sasa hivi nipo kazini."

Akaifungia simu ndani ya mfuko mmoja wa mkanda, akaketi sakafuni karibu na miguu ya Bibi, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Enhe, Bibi," akasema. "Alipotoka dirishani, ikawaje?"