Ruangwa, Siku Mke Wangu Aliponiigiza

Nilikwenda Ruangwa kwa sababu moja tu: sikutaka mke wangu akae huko siku mbili pamoja na Deo, mimi nimebaki Nachingwea nikijiuliza wanafanya nini. Mtaani watu wanasema nilikwenda kumpa moyo. Waongo hao. Nilikwenda kulinda.

Nieleze vizuri msije mkaniona mtu wa ajabu. Mimi ni mshereheshaji. Ukiwa na harusi hapa Nachingwea, au unamtoa mwali, anayeshika maiki ni mimi. Mwaka huu nikasikia redioni kwamba chuo kimoja cha sanaa kinapokea maombi ya kozi ya maigizo ya muziki, yaani mtu anaimba, anacheza na kuigiza kwa pamoja. Nikasema, hii kozi wameniandikia mimi. Nikaenda steshenari na vyeti vyangu kwenye bahasha, mke wangu Somoe akanifuata. Dada wa steshenari alipomaliza kunijazia fomu kwenye kompyuta, Somoe akasema, "Na mimi nijazie." Nikacheka mpaka nikakohoa.

Somoe kwao Kiegei anajulikana kwa jambo moja tu, utani wa msibani. Huku kwetu mtu akifa watani wake wana ruhusa yao. Mtani atavaa kanzu ya marehemu, atembee kama marehemu, agombe kama marehemu, mpaka waliokuwa wanalia wacheke huku machozi yanawatoka. Kwa kazi hiyo Somoe hana mpinzani, wanamfuata hata kutoka vijiji vya mbali. Mimi sikuwahi kuihesabu kuwa sanaa.

Majibu yakaja. Somoe ameitwa kwenye usaili, utafanyika Ruangwa. Mimi sikuitwa. Walitaka ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, mimi ninayo matatu. Nilikohoa, nikamwambia hongera, nikatoka uani kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Barua ilisema kila mwombaji aje na wimbo mmoja na igizo fupi, na igizo linaweza kuwa la watu wawili. Dada wa steshenari, Mungu amsamehe, akamwambia Somoe kuna mwingine ameitwa, anaitwa Deo, anafundisha kwaya parokiani, kwa nini wasishirikiane? Basi wakashirikiana. Deo ni mrefu, anapiga gitaa, na akicheka meno yote yanaonekana. Walifanya mazoezi wiki tatu nyuma ya kanisa, mchana kweupe, wanakwaya wamejaa. Hata hivyo kila jioni niliuliza nani alikuwepo, nani aliondoka wa kwanza, na kwa nini.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Mtoto wetu Nasri tulikuwa tumempeleka kwa bibi yake Kiegei jana yake. Mimi na Somoe tulipanda pikipiki yangu, Deo akatangulia na ya kwake, gitaa mgongoni. Barabara ya Ruangwa inatengenezwa, kwa hiyo mara unapita juu ya kifusi, mara unatupwa kwenye njia ya pembeni yenye vumbi la kuzama. Mikorosho ilikuwa imechanua na harufu ya maua ilitufuata njia nzima. Somoe alikuwa akiimba taratibu mgongoni mwangu. Nilikuwa na furaha kidogo, nakiri.

Karibu na nusu ya safari tukamkuta Deo amesimama kando ya njia, tairi la nyuma limepasuka, na tyubu haifai hata kuzibwa. Akaiacha pikipiki yake kwenye nyumba iliyokuwa karibu, mzee mmoja akakubali kuitunza. Sasa tuko watatu na pikipiki moja, inabidi twende mshikaki.

"Mimi nikae nyuma kabisa, Mama Nasri akae katikati, asije akaanguka," Deo akasema.

"Katikati utakaa wewe," nikamwambia.

"Kaka, mimi mrefu, nitakusumbua."

"Nisumbue."

Somoe alinitazama, akachukua gitaa, akalivaa mgongoni, akapanda nyuma ya Deo. Nikawasha. Jamani! Sikuwa nimepiga hesabu vizuri. Kila shimo Deo alinikumbatia, magoti yake yamenibana mbavu, pumzi yake shingoni mwangu. Na huko nyuma, nilipoangalia kwenye kioo, Somoe amemshika Deo kiunoni, maana atashika nini tena? Watu waliokuwa wakisafisha chini ya mikorosho waliinuka kututazama. Mmoja akapiga kelele, "Mnahama?" Nikaongeza mwendo.

Saa nne tuliingia Ruangwa mjini. Tulifikia kwa shangazi yake Somoe, mama mcheshi anayekaa si mbali na soko. Deo alipata chumba nyumba ya wageni, nilihakikisha iko mtaa mwingine. Shangazi akatupikia ugali wa muhogo na mbaazi, akaniuliza kama na mimi nimekuja kufanya usaili.

"Nimesindikiza tu, shangazi."

"Una moyo, mkwe wangu. Wanaume wengine wangekaa nyumbani na wivu wao."

Somoe alikohoa kidogo. Nikaendelea kula.

Alasiri Deo akaja wafanye zoezi la mwisho uani, na hapo ndipo nilipoliona igizo lenyewe kwa mara ya kwanza. Mume amerudi kutoka safari ndefu, mke anampokea. Wanaimba kwa kupokezana. Ikafika mahali Deo akamshika Somoe mikono yote miwili, Somoe akalaza kichwa kifuani kwake, na wimbo ukaendelea hivyo hivyo, kichwa kipo pale pale. Niliinuka kiti kikaanguka.

"Hiyo ya kichwa kifuani nani kaitunga?"

"Mimi," akasema Somoe.

"Itoe."

"Nikiitoa, mume amerudi kufanya nini? Kusoma mita ya umeme?"

Shangazi akaingilia, "Mkwe, huo ni mchezo tu."

"Shangazi, kifua ni kifua."

Niliongea mengi siku ile, mengine siyaandiki hapa. Mwisho nikasema: igizo hilo halichezwi, au tunapakia mizigo tunarudi Nachingwea sasa hivi. Deo akasema kwa upole, "Kaka, usaili ni kesho asubuhi. Hatuna kingine." Nikamjibu, "Mtajua wenyewe." Somoe alinitazama kwa muda, kama fundi anayempima mtu nguo kwa macho. Kisha akasema, "Sawa." Hilo tu. Akaingia ndani kumsaidia shangazi kuosha vyombo.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa ukumbini. Waombaji walikuwa wengi, wengine wametoka huko Mbwemkuru na Nambilanje, kila mmoja na bahasha ya vyeti na uso wa wasiwasi. Mlango ulikuwa wazi, sisi wasindikizaji tukaruhusiwa kukaa mabenchi ya nyuma. Mbele walikaa watu watatu wa jopo, na aliyekuwa akiuliza zaidi ni mama mmoja mwenye miwani, mtu wa maneno machache.

Deo aliitwa mapema. Alipiga gitaa akaimba, na ninasema ukweli ingawa unaniuma, aliimba vizuri sana. Kisha mama akamwambia, "Igizo." Deo akasimama katikati ya ukumbi, akanyoosha mikono miwili kwa mtu ambaye hakuwepo, akaanza ubeti wa mume, akafika mahali pa mke kujibu. Kimya. Akajaribu kujibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, watu wakacheka vibaya. Akashusha mikono. "Samahani," akasema, "mwenzangu..." na hakumalizia. Alipita karibu na benchi langu akitoka na hakunitazama. Nilitamani anitukane.

Baada ya watu wengi akaitwa Somoe. Aliimba wimbo wa Kimwera alioupata kwa bibi yake, bila ala yoyote, akipiga makofi mwenyewe. Halafu mama akasema, "Igizo."

"Leo sina mwenzangu," Somoe akasema. "Lakini kwetu mtani humwigiza mtu aliyekufa. Naomba nimwigize aliye hai."

"Endelea."

Akaifunga khanga yake kiunoni kama shuka, akaazima kofia kwa mwombaji mmoja, akatoa tumbo mbele, akaanza kutembea huku anazungusha funguo kidoleni. Lahaula! Nilijijua kabla hajafika hatua ya tatu. Kikafuata kikohozi changu. Akaokota simu chini ya mto, simu ambayo haikuwepo ila kila mtu aliiona, akaisogeza karibu na jicho. "Huyu 'Mama Kuku' ni nani? Mbona kapiga mara mbili? Kuku gani hao wanahitaji simu mbili?" Ukumbi ukalipuka. Akakaa kwenye benchi kama mwendesha pikipiki, akageuka nyuma kwa ukali, "Katikati utakaa wewe!" Kisha akawa anarushwa na mashimo, anabanwa mbavu, uso umejaa majuto. Mama mwenye miwani alivua miwani akafuta macho. Jirani yangu kwenye benchi alinipiga bega akisema, "Namjua mtu wa hivi!" Nikamwambia hata mimi.

Halafu akabadilisha. Akachuchumaa, akaanza kuosha pikipiki. Aliiosha polepole, gurudumu, kisha taa, kisha gurudumu lile lile tena. Akasimama kidogo, akatazama upande wa nyumba, mahali ambapo mtu alikuwa anaimba ndani, akasikiliza. Mdomo ukafunguka kama anayetaka kuimba pia. Haukuimba. Akainama, akasugua kwa nguvu zaidi. Hakusema neno hata moja, na ukumbi ule uliokuwa unapasuka kwa vicheko ulinyamaza wote, hata watoto waliokuwa madirishani.

Niliona aibu, ndiyo. Lakini aibu ilikaa kidogo tu, ikapishwa na kitu kibaya zaidi. Niliona wivu. Miaka yote niliyoshika maiki, nimewachekesha watu, nimewapandisha vitini, nimewatoa jasho, lakini sijawahi kuwanyamazisha namna ile. Na yeye hakuwa hata na maiki. Hapo nikajua kwamba tangu siku ya majibu nilikuwa nimemsingizia Deo. Wivu wangu haukuwa wa Deo wala wa kifua chake. Ulikuwa wa Somoe.

Mama wa jopo akauliza, "Huyu mtu yupo kweli?"

"Yupo," akasema Somoe.

"Anajua kwamba umekuja?"

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama. "Ndiye aliyemleta," nikasema.

Kelele zilizozuka sitazisahau. Zilipopungua nikaona nimalize na lililobaki kabla ujasiri haujaisha. "Na yule wa gitaa, Deo, huyu ndiye alikuwa mwenzake. Mimi niliwakataza jana. Kosa ni langu, msimhesabie yeye."

Mama akavaa miwani yake. "Tumekusikia, baba," akasema. "Lakini sisi tunapima tulichokiona." Akaita jina lililofuata.

Saa nane mchana tuliaga. Shangazi alikwishapata habari zote, sijui kwa nani, akanifungia mihogo ya kuchoma akisema nile njiani kama nitakuwa na hamu ya kula. Deo alikuwa amenunua tyubu asubuhi, akapanda gari lililomshusha kwenye pikipiki yake. Sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba hapakuwa na nafasi.

Njiani mji ukapotea nyuma yetu. Ndipo nikauliza bila kugeuka, "Ile siku ya kuosha pikipiki, ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Dirisha linatazama uani."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niliimba kwa nguvu ili uje ndani tuimbe wote, Baba Nasri. Hukuja."

 Nikapunguza mwendo kwenye kifusi asirushwe. Tulipitia Kiegei kumchukua mtoto, giza likaingia tukiwa tumeshafika nyumbani.

Baada ya wiki chache majina yalitoka. Tulikwenda steshenari wote wawili, dada akashuka na orodha taratibu, na jina la Somoe likawepo. Jina la Deo halikuwepo. Kesho yake nilikwenda parokiani peke yangu. Nilimkuta anapanga viti vya kwaya.

"Nimekukosesha," nikamwambia.

"Umenikosesha kweli, kaka." Hakunipa kiti, hakunifariji, na alikuwa na haki. Alipanga viti vitatu zaidi ndipo akaongeza, "Mwakani nitaomba tena. Siku hiyo tafuta safari nyingine."

Nilimuahidi hivyo. Nikamuomba radhi, akasema amesikia. Mpaka leo tunasalimiana, hatujafika mbali zaidi ya hapo.

Sitawadanganya kwamba safari ya Ruangwa imeniponya wivu. Somoe anakwenda chuoni, atasimama jukwaani na watu nisiowajua, atapigiwa makofi nisiyoyasikia, na nikiwaza hayo naona pikipiki inataka kuoshwa. Nilichojifunza ni kidogo: wivu una mwenyewe, na mwenyewe nimemjua. Mtu akikuuma kwa uwezo wake, mtazame yeye huyo huyo, usiende kumwonea mwenye gitaa.

Juzi ilikuja fomu ya kujiunga, na ndani yake ukurasa wa mdhamini. Somoe aliniwekea mezani pamoja na kalamu, akaendelea na shughuli zake. Jina nikajaza. Uhusiano na mwanafunzi: mume. Chini yake waliandika, "Mdhamini aeleze kwa kifupi uwezo wa mwanafunzi," wakaacha mistari mitano. Kwa mtu wa maneno kama mimi mistari mitano ni michache, lakini nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaandika neno moja, nikasaini, nikamwita.

Alisoma akiwa amesimama. "Ananizidi."

Akakaa chini. Akasoma tena. "Baba Nasri," akasema, na sauti haikuwa ya utani, "umeacha mistari minne."

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Sina cha kuongeza."