Yadi Moja ya Lambert Vondra

Asubuhi ya Ijumaa, umande haujakauka, na Lambert Vondra amepiga magoti kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, upande wa kaskazini. Anapapasa nyasi mpaka vidole vinagusa chuma. Anafunga kamba, anavuka uwanja hadi kwenye chuma cha pili, anaikaza. Kisha anasukuma mashine ya rangi, polepole, bila kuinua macho.

"Usinisemeshe nikiwa kwenye mstari," ananiambia. "Ukitaka maneno, subiri nifike mwisho."

Nasubiri. Vondra, 65, ametunza uwanja wa Chuo cha Orlin, hapa Nebraska, kwa miaka 41. Analipwa dola 17 kwa saa, na magoti yake yote mawili yameshapasuliwa. Kesho ni mechi ya mwisho juu ya nyasi hizi. Jumatatu zinang'olewa, yanatandikwa majani ya plastiki ambayo mistari yake imefumwa kiwandani.

"Mistari isiyohitaji mtu," anasema. "Haya, bwana."

Orlin ina wanafunzi 640 tu, lakini wengi wetu mjini tunaijua historia ya timu yake ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, kuliko ya koo zetu. Ilianza mwaka 1921 na vijana kumi na watatu, wamevaa kofia za ngozi walizoshonewa na fundi viatu. Mwaka 1958 ilifungwa mechi zote tisa, na kwenye ile ya tisa wapiga tarumbeta walikuwa wengi kuliko watazamaji.

Ubingwa wa ligi haijawahi kuupata. Iliukaribia mara moja, Novemba 1984, na kila kikombe cha kahawa mjini huishia kwenye mechi hiyo.

Orlin 13, wageni 10, zimebaki sekunde nne. Mkimbiaji wa wageni anaukumbatia mpira na kuukimbilia mstari wa mwisho; akiuvuka nao ni pointi sita. Mbele yake amebaki mlinzi mmoja, Duane Pesek, mtoto wa fundi matrekta. Pesek anamkaba, wanaanguka pamoja kwenye theluji, mpira unatua futi moja ng'ambo ya mstari. Pointi sita kwa wageni, ubingwa umekwenda.

Tangu siku ile Pesek anaitwa Mlango, kwa sababu wageni walipita kwake. Hata mgahawani, Arlys anayehudumu huwa anamwuliza, "Mlango, leo nikufunge na mayai au nikuache wazi?" Watu hucheka, na Pesek hucheka nao. Mimi pia nimewahi kumwita hivyo, tena mbele ya mkewe, na najuta.

Vondra anafika mwisho wa mstari. Anageuza ndoo ya rangi, anaikalia. Nilikuja kuandika habari za nyasi na rangi, nimeshaandaa maswali yangu.

"Andika hivi," anasema. "Duane alimzuia yule mtu."

Nadhani ananitania. Namwambia picha ipo ukutani chuoni, mpira umevuka mstari.

"Umevuka mstari wangu, ndiyo. Mstari wenyewe ndio haukuwa mahali pake."

Anaeleza kwa sauti ileile anayotumia kusimulia bei ya mbolea. Chini ya kila mstari, kila upande wa uwanja, kuna chuma kilichozikwa ambacho hakiondolewi. Novemba ile, msimu wake wa kwanza kazini, ardhi iliganda na vyuma vya mstari huu vikazama chini ya barafu. Badala ya kuvichimbua akapima kutoka mstari wa yadi tano, ule wa jirani ndani ya uwanja, yaani futi kumi na tano, kwa utepe wa kupimia wa baba yake.

Utepe huo nguruwe alikuwa ameutafuna mwanzo, baba akakata futi tatu. Nyumbani kila mtu alijua: ukitaka kumi na tano, vuta hadi kumi na nane.

"Nilikuwa na baridi, nina haraka. Nikavuta hadi kumi na tano, nikapaka."

Mstari ukawa yadi moja ndani ya uwanja, karibu zaidi na anayeukimbilia. Asubuhi ya mechi theluji ikaanguka, wakafagia mistari peke yake, hakuna aliyeona. Barafu ilipoyeyuka wiki iliyofuata, Vondra alikanyaga kitu kigumu kwenye nyasi. Mguu wake ulikuwa juu ya chuma, na rangi yake ilikuwa hatua nzima nyuma yake.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mke wangu ana mimba. Nikasema, nitangoja kidogo. Ukingoja mwaka, unaona aibu. Ukingoja kumi, unaogopa. Na Duane akawa rafiki yangu, jamani. Ndiye aliyebeba jeneza la mama yangu."

"Kwa nini leo?"

"Jumatatu wanakuja na matingatinga. Vyuma vinang'olewa. Baada ya hapo hata nikisema, nani ataamini?"

Gari la Pesek linaingia. Kila Ijumaa ya mechi huleta kahawa na mikate ya mdalasini, na leo hakukosa.

"We Lambert! Umemfanya nini mwandishi? Mbona mmenuna kama mko kanisani?"

"Kaa, Duane."

"Nyasi zimelowa, nikae wapi? Sema."

Vondra anamweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Hajitetei. Pesek anamsikiliza hadi mwisho. Anaweka mikate chini, anachukua utepe mpya kwenye kikapu cha Vondra, anashika ncha moja.

"Nionyeshe."

Wanapima wote wawili, wazee wawili wameinama: futi kumi na tano kutoka mstari wa yadi tano, chuma kipo. Vondra anasogea futi tatu uwanjani, anaweka glovu yake pale alipopaka mwaka ule. Pesek anaweka kikombe cha kahawa futi moja ng'ambo ya glovu, mpira ulipotua. Kati ya kikombe na chuma zimebaki futi mbili.

"Futi mbili," anasema Pesek. Anarudia. Kisha anaketi palepale kwenye umande na kulia waziwazi, na mimi nikaacha kuandika.

"Mnajua baba yangu alikuwa amekaa wapi?" anauliza hatimaye. "Ile safu ya tatu. Alikuja mechi zangu zote. Baada ya ile hakuja tena, wala hakuniuliza. Miaka saba, mpaka anakufa, hatukuutaja mpira mezani."

"Nipige ukitaka," anasema Vondra.

"Nikupige nini, na magoti hayo?"

Vondra anasema amepanga kesho, wakati wa mapumziko, kushika kipaza sauti na kuueleza uwanja mzima. Ameshaomba nafasi, ila hakuwaambia ya nini. Anachotumaini ni kwamba Pesek atasimama karibu naye.

Pesek anajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kesho utawaambia hao. Nitasimama. Lakini hawatakuwa wa kwanza."

"Nani wa kwanza?"

"Baba yuko pale makaburini, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Wenceslaus. Utamwambia kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi."

Vondra anaitazama mistari iliyobaki. Kumi na miwili.

"Nimalize kwanza?"

"Alingoja miaka saba, Lambert," anasema Pesek, akielekea kwenye gari. "Panda."